Mguu wa Baba na Breki za Nyuma

“Halina kitu,” baba alisema, akashuka garini mguu wa kushoto una kiatu na wa kulia uko pekupeku.

Ilikuwa mara yake ya tatu ndani ya miezi mitatu kulisema hilo, kuhusu gari lile lile, mbele ya mwenye gari yule yule, na bintiye Nati alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwenye gari alikuwa muuguzi, mwanamke wa makamo asiye na makuu, na kigari chake cha buluu kilikuwa cha zamani hasa. Kingekuwa mtu, kingeshaoa na kupata wajukuu. Safari hii muuguzi hakushukuru wala hakununa. Alisimama tu, mkoba kaukumbatia kifuani, akamtazama fundi kwa jicho analomtazamia mgonjwa anayeapa kwamba dawa ameshameza.

“Fundi, mimi magari siyajui,” alisema. “Lakini nikikanyaga breki, pedali inanirudishia mguu. Inaruka. Na ile kelele je? Kwi, kwi, kwi, mpaka watu barabarani wanageuka.”

“Kelele ni vumbi, sista. Na pedali nimeikanyaga mwenyewe, tena kwa mguu mtupu. Halina kitu.”

Ili mtu asije akamwona baba huyu mjeuri bure, inafaa kwanza ajue habari za mguu wake. Mji mzima ulimwita Mguu, na hakuna aliyekuwa akimtania. Tangu Nati akiwa wa kubebwa mgongoni, gari lililotengenezwa breki halikutoka kwenye gereji ile kabla baba hajalikanyaga pekupeku. Angevua kiatu cha kulia, aumwagie mguu maji ya kopo, kisha, kwa kuwa kiuno kilikuwa kimeshagoma kuinama, aufute kwa kukanyagakanyaga kitambaa chake chekundu. Hapo ndipo angeingia garini, kimya, na ole wake atakayemsemesha. Akirudi angesema ngoma ya kushoto imeliwa upande, au nati moja ya tairi imekazwa kuliko wenzake, na wakifungua wanakuta ni kweli tupu. Mafundi wenye mashine za bei mbaya walikuja kushuhudia, wakaondoka wanajikuna vichwa.

Na yeye, tusifichane, kichwa kilimvimba. Nati alipojinunulia kipimo cha kisasa, kile chenye uso wa saa na sindano moja, ambacho huonyesha chuma kinachozunguka kimepinda kiasi gani, baba alikitundika ukutani na kukiita saa iliyolala. Jina la Nati lenyewe lilitoka kwa baba huyo huyo. Mtoto alimeza nati akiwa na miaka miwili, humo humo gerejini. Nati ilitoka siku ya pili, jina likabaki.

“Baba, naomba nilijaribu na mimi,” Nati alisema.

“Unalijaribu gari au unanijaribu mimi?”

“Gari, baba.”

“Haya, nenda. Ukirudi utanieleza buti lako limekunong’oneza nini.”

Nati alikaa kwenye usukani, muuguzi pembeni yake. Kabla hajawasha aliona kwenye mpira wa pedali ya breki unyevu mzito, mweusi mweusi. Mafuta ya breki yanavuja, ndilo wazo la kwanza la fundi yeyote. Akaugusa, akausugua baina ya vidole. Mafuta ya breki huteleza. Huu ulikuwa unanata. Akaunusa, wala haukuwa na ile harufu yake. Matope ya kopo la baba haya, alijiambia, akafuta kidole kwenye ovaroli na kulitia gari gia.

Nyuma ya maghala palikuwa na barabara iliyonyooka, haina watu wala mifugo. Alikwenda kasi ya kutosha, akakanyaga breki taratibu, na roho nusura imtoke. Alikuwa ametegemea kitetemo, kitu cha kuviziwa, cha kuhitaji mguu wa mtaalamu. Badala yake pedali ilipanda na kushuka chini ya soli nene ya buti lake, tuk, tuk, tuk, tuk, kama mtu yuko chini ya gari anabisha hodi kwa hasira. Kelele nayo ikafuata, kwi moja kwa kila mzunguko wa tairi.

“Umesikia?” muuguzi aliuliza.

“Sista, hata aliyelala fofofo angesikia.”

Lakini usukani ulikuwa umetulia mikononi mwake, na breki za mbele zikiugua, usukani ndio hutetemeka kwanza. Akaongeza mwendo tena. Safari hii hakugusa pedali kabisa. Alivuta breki ya mkono polepole huku amebonyeza kitufe isijifunge. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Mtetemo ule ule ukaja kiganjani, na kwi kwi ile ile. Basi ugonjwa ulikuwa nyuma, kwenye ngoma, yale mabakuli mazito ya chuma yanayozunguka na tairi na kubanwa kwa ndani. Na ngoma zile zilikuwa mpya. Alizifunga baba kwa mkono wake, miezi mitatu iliyopita.

Hapo ndipo ubaridi ulipomwingia Nati. Kama yeye amesikia akiwa na buti, baba aliye pekupeku amesikia mara mia. Na kama amesikia, basi amesimama mara tatu mbele ya mwanamke huyu na kumpa uongo mkavu, kisa asikiri kwamba kazi yake imeharibika. Baba yake! Mtu aliyemchapa akiwa darasa la pili kwa kusema ameosha spana kumbe amezipangusa. 

Waliporudi, aliliinua gari kwa jeki, akaliegemeza vizuri kwenye magogo, akang’oa matairi ya nyuma. Baba alikaa juu ya tairi bovu na kikombe chake cha chai, miguu kainyoosha, keshavaa tena kile kiatu chake cha soli ya tairi.

“Fungua, mwanangu, fungua,” alisema. “Humo utakuta hewa.”

Ngoma ya kwanza iligoma, ikapigwa nyundo mbili tatu, ikatoka. Nati aliangalia na kubaki mdomo wazi. Uso wa habu, pale ngoma inapokaa na kubanwa na nati za tairi, ulikuwa na gamba la kutu nene kama ukucha, tena upande mmoja tu. Ngoma mpya ilikuwa imekalishwa juu ya gamba lile, imeegemea upande, na kwa miezi mitatu ilizunguka hivyo hivyo imeegemea, ikiliwa hapa na kuachwa pale. Somo la kwanza ambalo baba alimfundisha maishani, kabla ya kusoma na kuandika, lilikuwa lile: usifunge chuma juu ya kutu. Piga brashi ya waya mpaka pang’ae.

“Baba, hapa hukupiga brashi.”

“Nilipapitia kidogo. Kiuno kilikuwa kinauma.” Baba alipiga funda la chai. “Kisha nikalikanyaga, nikaona safi. Pangekuwa na neno, mguu ungesema.”

Nati aliifunga tena ngoma ile jinsi ilivyokuwa, akaenda ukutani kutungua kipimo chake. Akakikaza mahali, akaigusisha sindano kwenye ukingo wa ngoma, akaizungusha kwa mkono. Sindano ilikimbia huku, ikarudi kule, kila mzunguko.

“Njoo uone, baba.”

Baba alinyanyuka, akachungulia. “Hiyo saa yako imelewa,” alisema, akarudi kukaa.

Ulimi wa Nati ulimwasha, lakini mbele ya mteja mtoto hambishii baba yake, basi hasira zake zote alizimalizia kwenye brashi ya waya. Alisugua habu zote mbili mpaka zikang’aa, akamalizia kwa msasa. Ngoma alizivusha barabara kwa mchonga vyuma wa mkabala, naye akazinyoa ndani kwa mashine yake, utando mwembamba tu, mpaka zikawa duara kamili. Zilipokuwa zikichongwa, Nati alifungua viatu vya breki, vile vyuma vyenye umbo la mwezi mwandamo vinavyotanuka ndani ya ngoma. Akakuta sehemu vinapojisugulia zimekauka kabisa. Nusu ya kelele ilitoka hapo. Akapasafisha, akatia tone la grisi kila mahali, dogo, lisije likafika kwenye breki yenyewe. Mwisho alikaza nati za tairi kwa kuvusha, hii kisha ya upande wa pili, kila moja kwa nguvu ile ile. Kabla ya tairi kurudi alikuwa amepima tena: sindano ilitikisika kidogo tu, ikatulia.

Ilikuwa saa nane mchana alipolipeleka tena nyuma ya maghala, peke yake. Alikanyaga breki na gari likasimama kimya, pedali imetulia chini ya buti. Alikanyaga tena na tena. Furaha ilimjaa, na ghadhabu ikaijia juu yake, na katikati ya hayo mawili akatunga mtego. Atampa baba alijaribu, muuguzi akiwemo. Baba atasema, ahaa, sasa limepona. Naye atamuuliza kwa adabu zote: limepona nini, baba, ikiwa asubuhi halikuwa na kitu?

Baba hakukataa. Alivua kiatu, akamwaga maji, akakanyagakanyaga kitambaa chekundu, akaingia na kiatu mkononi. Nati alikaa pembeni yake, muuguzi nyuma. Kwenye barabara ya maghala baba alikanyaga breki mara moja, uso umekaza, macho mbele. Gari lilisimama bila hata mguno. Akaongeza mwendo, akakanyaga mara ya pili, ya tatu. Kisha tabasamu likamchanua, tabasamu pana la mtu aliyeshinda kesi.

“Si niliwaambia? Liko vile vile! Halijabadilika hata chembe. Mmejichosha bure.”

Nati alikuwa na swali lake mdomoni, tayari. Likamfia hapo hapo. Alimgeukia baba na kumkodolea macho, na baba alikuwa anafurahi kwelikweli, hana hila hata kidogo usoni. Mwongo angesema limepona. Mwongo angeukimbilia mlango huo mbiombio. Asiyeona tofauti ya asubuhi na sasa ni mtu ambaye asubuhi hakusikia kitu, na sasa hasikii kitu.

“Baba,” alisema. “Kanyaga tena. Unasikia nini mguuni?”

“Sisikii kitu. Ndiyo maana nasema halina kitu.”

“Fundi, simamisha gari pembeni,” muuguzi alisema kutoka nyuma. Sauti ile Nati hakuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya wodini, na baba, ambaye hakuwahi kuamriwa na mteja, alitii.

Muuguzi alishuka, akafungua mlango wa dereva, akachuchumaa barabarani na sare yake nyeupe.

“Nipe mguu.”

“Sista, mguu wa fundi huu, utajichafua.”

“Nipe mguu, baba.”

Aliunyanyua kwa mikono miwili, akaugeuza unyayo juu. Nati alikuwa ameshazunguka gari. Aliona, na mikono ikamwendea kinywani yenyewe. Nyuma kidogo ya vidole palikaa kichwa cha msumari, kimezama, kimelainishwa kwa kukanyagiwa. Nyama iliyokizunguka ilikuwa nyeusi, na pembeni mwake kulikuwa na unyevu mzito unaonata. Aliutazama mkono wa ovaroli yake, pale alipofuta kidole asubuhi. 

“Huu msumari una siku ngapi?” muuguzi aliuliza.

“Msumari gani?” baba akauliza.

Aliuliza kwa udadisi, jinsi mtu anavyouliza habari za jirani. Nati aliokota kile kiatu cha soli ya tairi kilichobaki miguuni pa kiti. Mbele ya soli, mahali pale pale, palikuwa na tundu, limetoboka mpaka ndani.

Muuguzi alichomoa kalamu mfukoni. “Angalia kule kwenye maghala, usiniangalie. Nikikugusa, sema.”

Baba aliangalia maghala. Ncha ya kalamu ilibonyea kwenye kidole gumba, kwenye kidole kidogo, katikati ya unyayo, kwenye kifundo. Baba alisubiri kwa heshima. Muda ukapita.

“Haya, sista, mbona huanzi?”

“Nimekugusa mara sita, fundi.”

 Upepo ulikuwa ukipiga bati mahali fulani kwenye maghala. Baba aliinama kwa shida, kiuno kikilia, akaushika mguu wake mwenyewe, akaubinya. Akaubinya tena kwa nguvu, vidole vikazama. Nati alimwona baba yake akiogopa, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona, na machozi yakamtoka kabla hajajua.

“Mguu huu ulianza kufa ganzi lini?” muuguzi aliuliza polepole. “Umewahi kupima sukari? Ikizidi mwilini hutia miguu ganzi.”

“Ulikuwa na ganzi kidogo. Mwaka jana. Nilidhani ni uzee, au hiki kiuno.” Baba alikuwa bado anaubinya. “Mbona nilikuwa nakanyaga vizuri? Mwaka mzima sijapata gari lenye kasoro. Kila ninalokanyaga, safi. Nikajisifu, sista. Nikasema mikono yetu, mimi na huyu mwanangu, sasa imefika.”

“Hospitali. Sasa hivi,” muuguzi alisema. “Msumari huu siutoi mimi hapa. Na kuanzia leo hukanyagi chini pekupeku.”

Baba hakuwa anamsikiliza. Midomo ilikuwa inamchezacheza, kama anayehesabu, na ghafla ikasimama. “Ijumaa,” alisema.

“Ijumaa nini, baba?”

“Gari la shule.”

Damu ilimganda Nati. Ijumaa yeye alikuwa ametoka kwenda kununua vipuri. Aliporudi, baba alimwambia dereva wa shule amepita, kalalamikia breki, gari limekanyagwa na limeruhusiwa. Aliitikia tu na kuendelea na kazi. Sasa alitazama saa ya simu: saa tisa kasoro dakika nne. Shule hutoka saa tisa. Alilitafuta jina la dereva kwa pupa, akalipita mara mbili.

Simu iliita, ikaita. Akaweka sauti ya nje na kuilaza simu juu ya paa la gari, wote wasikie.

“Nati!” dereva aliitikia, na nyuma yake kulikuwa na makelele ya watoto, wengi mno, karibu mno. “Vipi, mzee hajambo?”

“Kaka, breki zikoje?”

“Ah, zile? Zinaruka bado, si unajua. Leo asubuhi zimeanza kuunguruma, kama chuma kinasaga chuma. Lakini mzee si alikanyaga mwenyewe akasema halina kitu? Nikajua ni wasiwasi wangu tu. Subiri, nakupigia nikimaliza mteremko, wote washapanda.”

“Usiondoke! Zima gari!”

“Nati, bwana, mzee kesha—”

Mkono wa baba ulipita juu ya bega la Nati ukachukua simu. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia umening’inia mikononi mwa muuguzi.

“Mimi mwenyewe naongea,” alisema. “Zima gari, mwanangu. Washushe watoto wote. Nilikosea.”

Upande wa pili zilisikika sauti za watoto tu. Pengine dereva naye alikuwa anajiuliza kama amesikia sawasawa, maana miaka yote ile neno hilo halikuwahi kutoka kwenye mdomo ule.

“Umenisikia? Nilikosea. Nilikanyaga lakini sikusikia kitu. Washushe.”

Ndipo waliposikia injini ikizimwa. Mlango ukafunguka, na sauti za watoto zikaanza kulalamika, moja baada ya nyingine, kwamba jua kali, kwamba kwa nini, kwamba wamechoka kusimama. Baba alisikiliza mpaka malalamiko yale yakahamia nje yote. Kisha akamrudishia Nati simu, akajiachia kwenye kiti cha nyuma kama gunia.

Nati ndiye aliyeendesha kwenda hospitali, kwa gari hilo hilo la buluu. Muuguzi alikaa nyuma, mguu wa baba umelala mapajani mwake juu ya sare, umefungwa kitambaa cheupe. Kwenye njia panda ya kwanza Nati alikanyaga breki, na kwenye kioo alimwona baba ameinua kidevu, anasikilizia.

“Limetulia?” baba aliuliza.

Miaka yote ya gereji Nati hakuwahi kumsikia akimuuliza mtu yeyote swali hilo. Wengine ndio waliokuwa wakimuuliza yeye.

“Limetulia, baba.”

“Niambie kweli.”

“Kweli, baba. Limetulia,” Nati alisema, na akashindwa kutazama tena kwenye kioo.